Baridi yabisi si kosa la baridi

Wakati wa kipupwe, hasa katika miezi ya Juni na Julai, Songea huwa mji wa makoti na masweta. Ukungu hukaa juu ya milima ya Matogoro hata jua likishachomoza, na mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam au Lindi hujiuliza kama bado yumo katika nchi ile ile. Ndipo husikika, maofisini, shuleni na sokoni, kauli ambayo sote tumeizoea: "Viungo vinaniuma, ni baridi hii." Msemaji hupewa pole, hushauriwa avae soksi nzito na kujichua mafuta, na mazungumzo huishia hapo.

Mimi nami nilikuwa mmoja wa watoa ushauri huo. Mwalimu mwenzangu, mama ambaye hakuwa hata amefikisha umri wa miaka 40, alianza kuchelewa kipindi cha kwanza. Alipofika, aliishika chaki kwa mikono miwili. Vidole vyake havikukunjika mpaka ikaribie saa nne. Tukamwambia ni baridi. Muuzaji wa duka la dawa naye akamwambia, "Mama, hii ni baridi tu, itaisha mvua zikianza," akamfungia vidonge vya kutuliza maumivu. Mvua zilianza, zikaisha, maumivu yakabaki. Mkubwa wake wa kazi akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze kwa nini anachelewa, na kwa nini maandalio yake ya masomo hayakamiliki. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu. Ilipita miaka miwili kabla ya daktari kuvibonyeza vidole vyake kimoja kimoja, kuagiza damu ipimwe, na kumweleza kwamba ugonjwa wake una jina, una asili na una dawa.

Leo mwalimu huyo anafundisha. Lakini vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimepinda, na havitanyooka tena. Hiyo ndiyo gharama ya ushauri wetu.

Nasimulia habari hii kwa sababu naamini kwamba katika mkoa wetu wa Ruvuma, na katika nchi yetu kwa jumla, wako akina mama na akina baba wengi wanaopoteza mikono yao kwa namna hiyo hiyo. Hawaipotezi kwa sababu ugonjwa hauna dawa. Wanaipoteza kwa sababu sisi tunaowazunguka, tuliosoma na tunaotegemewa kusema neno la maana, tumeridhika na jibu rahisi. Hoja yangu ni moja: ugonjwa huu huharibu zaidi katika miezi yake ya mwanzo, na miezi hiyo ndiyo tunayoipoteza kwa kuisingizia baridi.

JINA LA KALE

Hapana budi tuanze na jina, maana ndilo linalotupotosha. "Baridi yabisi" ni jina la kale lililotujia pamoja na maneno mengine ya Kiarabu. Matabibu wa zamani wa Mashariki, waliofuata elimu ya Wayunani, waliupima mwili kwa mizani ya joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kitu kikavu, kigumu. Kiungo kilichokakamaa, kwa hesabu yao, kilikuwa kimezidiwa na baridi na ukavu. Ilikuwa juhudi ya kueleza jambo kwa elimu iliyokuwapo, wala hatuna sababu ya kuwacheka.

Lakini elimu imesonga mbele, jina limebaki pale pale, nasi tunalitumia kwa kila maumivu ya viungo. Mzee wa miaka 70 ambaye magoti yake yamesagika kwa kazi na umri, tunasema ana baridi yabisi. Mtu ambaye kidole gumba cha mguu humvimba ghafla usiku, ambaye yaelekea ana jongo, naye tunasema ana baridi yabisi. Na mwanamke wa miaka 35 ambaye vifundo vya mikono yote miwili vimevimba kwa pamoja, naye tunamtupia jina hilo hilo. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, yenye asili tofauti na dawa tofauti. Huyu wa tatu ndiye ninayemzungumzia leo.

Baridi ya Songea haikumletea ugonjwa wake. Yaweza kuyaongeza maumivu, kama inavyomwongezea maumivu mtu mwenye jeraha, lakini haikulifanya jeraha. Ugonjwa huu umeandikwa na madaktari wa Kampala, mji ambao hauna kipupwe cha namna ya hapa. Kama baridi ndiyo ingekuwa mzazi wake, watu wa miji ya joto wangesalimika wote.

ASKARI WALIOGEUKA

Asili yake, basi, ni nini? Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kama iko methali inayoufaa ugonjwa huu zaidi ya hiyo.

Mwili wa binadamu una jeshi lake la ulinzi. Chembe nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana zikitafuta wadudu wa maradhi. Zikimkuta adui, hutoa kingamwili za kumkamata na kemikali za kuitana vitani. Jeshi hilo hujifunza mapema kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Lakini kwa watu wengine ujuzi huo huvurugika, na askari huwageukia raia wao wenyewe. Wakiivamia tezi ya shingo, mtu hupata ugonjwa wa tezi. Wakiziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kijana hupata kisukari cha kuhitaji sindano kila siku. Wakishambulia ngozi, figo, damu na viungo kwa pamoja, huo ni ugonjwa uitwao lupasi. Na wakiuvamia utando laini ulio ndani ya viungo, huo ndio ugonjwa wa mwalimu mwenzangu. Utando huvimba na kunenepa, kisha huanza kula gegedu na mfupa. Mgonjwa huchoka bila kufanya kazi, hupungukiwa damu, na baada ya miaka moyo na mapafu navyo vyaweza kuguswa.

Wataalamu wenyewe walichelewa kulikubali jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Paul Ehrlich, mmoja wa waasisi wa elimu ya kinga, aliona kwamba mwili una hofu ya asili ya kujidhuru wenyewe. Heshima yake ilikuwa kubwa, na wengi walimwelewa kuwa amesema jambo hilo haliwezekani kabisa. Ilikuwa mwaka 1956 ambapo Noel Rose na Ernest Witebsky, wakifanya utafiti huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwa sungura kwamba mnyama aweza kutengeneza kingamwili zinazoishambulia tezi yake mwenyewe. Tangu hapo mlango ulifunguka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa viungo, na kwamba asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Yafaa tulitafakari jambo hilo tukiwa hapa Ruvuma. Mikono inayolima mahindi ya Songea, inayochimba ngoro katika milima ya Mbinga, inayotwanga, inayofua na kubeba watoto, kwa sehemu kubwa ni mikono ya wanawake. Ugonjwa unaochagua wanawake walio katika umri wa kufanya kazi ni ugonjwa unaoingia moja kwa moja katika ghala la familia.

KIJANA WA KAMPALA

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya, hayatuhusu. Nawaomba wasikilize habari za mtafiti mmoja ambaye utoto wake ulikuwa katika Afrika yetu hii ya Mashariki.

Ravinder Maini alizaliwa Ludhiana, India, mwaka 1937, akakulia Uganda. Baba yake, Amar Maini, alizaliwa Nairobi, akawa meya wa kwanza wa Kampala mwaka 1950, na katika miaka ya 1960 akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Afrika ya Mashariki, ambamo wawakilishi wa Tanganyika, Kenya na Uganda walikaa pamoja. Mwana hakufuata siasa. Alikwenda Uingereza, akasoma udaktari Cambridge na katika hospitali ya Guy's, London, kisha akaelekeza maisha yake kwenye viungo vilivyovimba.

Katika miaka ya 1980, katika taasisi ya Kennedy huko London, Maini alishirikiana na Marc Feldmann, mtaalamu wa elimu ya kinga. Walichukua utando kutoka kwenye viungo vya wagonjwa, wakaukuza katika maabara, na kuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kusuluhisha ugomvi angeliuliza: katika makelele haya yote, ni nani anayewachochea wengine? Kemikali za kuitana vitani zilikuwa nyingi, na wataalamu wengi waliamini kwamba kuizuia moja hakutafaa kitu, kwa kuwa nyingine zitashika nafasi yake. Mwaka 1989 wao na mwenzao Fionula Brennan walichapisha jibu. Kemikali moja, protini iitwayo TNF, ilipozuiwa, nyingine nazo zilipungua. Mchochezi mkuu alikuwa amepatikana.

Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa kingamwili iliyotengenezwa ili kuikamata protini hiyo. Wagonjwa 20 wa kwanza walikuwa watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, nao walipata nafuu. Lakini mtafiti mwaminifu haridhiki na furaha ya siku ya kwanza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1994 wagonjwa 73 waligawanywa katika makundi matatu, na wala mgonjwa wala daktari wake hakujua nani ametundikiwa chupa yenye dawa na nani ametundikiwa chupa isiyo na kitu. Baada ya wiki nne, kati ya wagonjwa 24 wasiopewa dawa, waliopata nafuu walikuwa 2. Kati ya wagonjwa 24 waliopewa kiasi kikubwa cha dawa, waliopata nafuu walikuwa 19. Kwa kazi hiyo Maini na Feldmann walipewa tuzo ya Crafoord mwaka 2000 na tuzo ya Lasker mwaka 2003.

Simtaji Maini ili tujivunie sifa ambayo hatukuitolea jasho. Namtaja kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Hakuridhika na jina la ugonjwa, aliuliza sababu. Hakuridhika na dhana yake mwenyewe, aliipima. Mwendo huo hauhitaji maabara ya London. Mganga wa zahanati aweza kuufuata, na mwalimu mkuu pia aweza kuufuata kabla hajaandika barua ya onyo.

JE, SISI HATUUGUI?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Waafrika hawaugui magonjwa ya namna hii, au kwamba huwapata kwa nadra sana. Dhana hiyo haikuwa ya upuuzi mtupu. Katika miaka ya 1960 daktari Mwingereza Brian Greenwood, akifanya kazi katika hospitali ya Ibadan, Nigeria, aliona kwamba wagonjwa wa aina hii walikuwa wachache kuliko alivyozoea kwao. Mwaka 1968 aliandika kwamba pengine malaria na wadudu wengine wa tumboni na damuni huishughulisha kinga ya mwili hata isipate nafasi ya kujigeukia. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa jamii inayorithi ugonjwa huo wa kujishambulia walisalimika walipoambukizwa malaria. Ni hoja nzito, na wataalamu wanaendelea kuichambua hadi leo.

Lakini ipo tofauti kati ya jambo ambalo ni chache na jambo ambalo halitazamwi. Mwaka 1979 madaktari waliokuwa Kenya walichapisha habari za wagonjwa wao wa ugonjwa huu wa viungo. Mwaka 1980 Profesa Bwogi Kanyerezi na wenzake wa Kampala walichapisha habari za wagonjwa wa Uganda, na mwaka huo huo waliandika juu ya lupasi miongoni mwa Waganda. Watu hao hawakuanza kuugua mwaka ule. Walianza kuonekana mwaka ule, kwa sababu alipatikana mtu wa kuwatazama.

Hapa kwetu nako kazi imeanza. Mwaka 2020 watafiti wa Muhimbili walichapisha taarifa juu ya watoto wa Kitanzania wenye magonjwa ya viungo ya aina hii, na walimu wote yawapasa wajue kwamba hata mtoto aweza kuugua. Mwaka 2021 watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walipita kaya kwa kaya katika wilaya ya Hai wakiwauliza watu juu ya maumivu ya viungo na kuwapima. Kilimanjaro imeanza kujihesabu. Ruvuma nayo ina haki ya kujihesabu.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu: tuna malaria, kifua kikuu na Ukimwi, akina mama bado wanakufa kwa uzazi, tutapata wapi nafasi ya kushughulikia vidole vilivyovimba? Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali kama ningekuwa nadai jengo jipya na mitambo ya mamilioni. Sidai hayo. Ninachodai kwanza ni masikio na macho. Tena tusisahau kwamba vidole vilivyovimba ndivyo vinavyoshika jembe, kalamu na sindano ya kumchanjia mtoto. Taifa linalotegemea mikono haliwezi kuiita mikono jambo dogo.

DAWA NA HADHARI

Tusije tukadhani kwamba wokovu wa mgonjwa wa Songea umo katika dawa ile ya London peke yake. Dawa za jamii hiyo ni ghali mno, japokuwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza mojawapo, adalimumabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Zaidi ya hayo, zina hatari ambayo Mtanzania hana ruhusa ya kuipuuza. Ile protini ya TNF, ambayo katika kiungo ni mchochezi, katika pafu ni mlinzi. Ndiyo inayosaidia kuwafungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala ndani ya mtu kwa miaka. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba wagonjwa 70 walipata kifua kikuu baada ya kutumia dawa ya kwanza ya jamii hiyo. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu. Katika nchi kama yetu sharti hilo halina mjadala.

Lakini ipo dawa ya zamani na ya bei nafuu zaidi, methotreksati, ambayo tangu miaka ya 1980 imethibitika kuupunguza ugonjwa huu, na ambayo hata wenye fedha huanza nayo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kutokuelewa aweza kufa, na haimfai mama mjamzito. Hivyo ni dawa ya kusimamiwa na daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Ikianzishwa mapema, kabla mifupa haijaliwa, huokoa mikono. Ikichelewa, yaweza kuzuia uharibifu mpya, lakini haiwezi kunyoosha kilichokwisha kupinda.

Neno la hadhari pia juu ya kotisoni na jamaa zake. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa dawa hiyo mgonjwa ambaye hakuweza kutembea vizuri, na baada ya siku chache akatembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Haukupita muda madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, maambukizo kuzidi. Leo madaktari huzitumia dawa hizo kwa kiasi na kwa muda. Kwetu sisi vidonge vya namna hiyo hununuliwa dukani bila cheti, kwa sababu mtu alivimeza jana na leo ameamka mzima. Hakuamka mzima. Maumivu yamenyamazishwa huku uharibifu unaendelea chini kwa chini, na mwili unazidi kuvizoea vidonge.

YATUPASAYO

Basi, ndugu msomaji, sisi watumishi wa umma na walimu tufanye nini? Nataja mambo manne, na hakuna hata moja linalotuzidi uwezo.

Kwanza, tuzijue dalili na tuzifundishe. Ni hizi: viungo vidogo vya mikono au miguu kuvimba, mara nyingi pande zote mbili, kukakamaa asubuhi kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, na hali hiyo kuendelea kwa wiki 6 au kupita. Mwenye dalili hizo asingoje mvua wala kipupwe kiishe. Aende kituo cha afya, na kituo kimpeleke mbele, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea au Hospitali ya Misheni ya Peramiho, bila kumzungusha mwaka mzima kwa vidonge vya maumivu. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, kuhara na kichocho. Watu waliojifunza hivyo kuchimba vyoo waweza pia kujifunza kuutambua ugonjwa wa viungo.

Pili, wakuu wa kazi wajifunze kuuliza kabla ya kuhukumu. Mtumishi aliyekuwa hodari kisha akaanza kuchelewa na kuangusha vitu, huyo ana jambo. Mwalimu aliyekakamaa asubuhi apangiwe vipindi vya baada ya saa nne. Hilo ni suala la kubadili ratiba tu, halihitaji kibali kutoka Dodoma. Kadhalika mwanafunzi anayechechemea au anayeficha mikono yake wakati wa kazi za shamba asiitwe mvivu mpaka mzazi wake ameulizwa.

Tatu, tuyazungumze haya na wasiokuwa na kadi ya bima. Sisi wenye ajira ya serikali tunayo bima ya afya. Wakulima wengi wa Namtumbo na Tunduru hawana. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga mafao ya bima hiyo wakumbuke magonjwa ya kudumu yasiyoua haraka. Ugonjwa unaomaliza mtu polepole husahaulika upesi katika mipango, kwa sababu haupigi kelele.

Nne, tusaidie utafiti wa kwetu. Mkoa huu unalima tumbaku, na imekwisha kuthibitishwa kwamba uvutaji wa sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu. Mkoa huu una malaria, ambayo Greenwood aliidhania kuwa ngao. Una baridi, ambayo sote tunaisingizia. Je, katika mazingira haya ugonjwa ni mwingi au ni mchache kuliko Hai? Swali hilo litajibiwa na wauguzi na matabibu watakaoandika vizuri katika daftari la mgonjwa, badala ya kuandika neno "maumivu" na kufunga ukurasa. Daftari la zahanati likiandikwa kwa uangalifu ndio mwanzo wa maabara.

Nilipomweleza mwalimu mwenzangu kwamba nakusudia kuandika juu ya jambo hili, aliniomba nisiandike jina lake, nami nimetii. Aliongeza neno moja. Alisema kilichomuuma kuliko vidole ni kwamba kwa miaka miwili hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza, "Mwalimu, inaanza saa ngapi, na inaisha saa ngapi?" Tungeliuliza hivyo, tungeligundua kwamba haikufuata hali ya hewa. Ilikuja kila asubuhi, masika na kiangazi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mwenzetu huyu hakuficha. Alionyesha mikono yake mbele yetu kila siku, ubaoni, nasi tukamwambia avae sweta. Kipupwe kitakapokuja tena na mtu akasema viungo vinamuuma, tumpe pole kama kawaida yetu, kisha tumwombe atuonyeshe vidole.